Usiku 14, Miji Kumi: Mume Wangu Asema Safari Yetu ya Japani Si Likizo

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na daftari lililojaa mistari ya kufuta na kuandika upya, katika nyumba ambayo kwa wiki tatu sasa haizungumzi jambo jingine isipokuwa safari ambayo bado hatujailipia hata senti moja. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka sita ili tuitembelee Japani. Tutakuwa wanne: sisi wawili, binti yetu wa miaka 11, na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 68, ambaye ni mchangamfu kutuzidi sote lakini goti lake humsumbua akipanda ngazi nyingi. Tutalala huko usiku 14, na hatuwezi kuongeza hata mmoja kwa sababu ya ruhusa za kazini.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga, na nimepanga hivi: Tokyo usiku 2, Nikko 1, Hakone 1 ili tuuone mlima Fuji, Takayama 1, Kanazawa 1, Kyoto 2, Nara 1, Osaka 1, Hiroshima 1, Nagasaki 1, kisha turudi Tokyo kwa usiku 2 na kupanda ndege pale pale tuliposhukia. Sikubahatisha. Nara ni kwa ajili ya binti yetu, aliyesoma habari za kulungu wanaotembea huru mjini humo. Kanazawa ni kwa ajili ya mama, anayependa bustani kuliko kitu chochote. Hiroshima ni yangu mwenyewe, kwa kuwa tangu nilipokuwa shuleni nimetamani kusimama mahali pale. Miji mingine niliiongeza kwa sababu iko njiani, na kwa kuwa nimekusudia kununua pasi ya reli ya siku 14, yaani tiketi moja ya kupanda treni bila kulipia kila safari, niliona kwamba kila mji tutakaouruka ni fedha tunazozitupa.

Mume wangu alilisoma jedwali hilo mara moja, akalirudisha mezani, akasema kwamba hiyo si likizo bali ni kazi ya kusambaza barua. Yeye anataka tukae Tokyo usiku wote 14, tuamke tunapotaka na kutembea tunapojisikia. Nilikasirika, na nakiri kwamba nilimjibu maneno ambayo nisingependa uyachapishe. Hofu yangu ni hii: kwa umri wa mama na kwa bei ya tiketi nne za ndege, hatutarudi tena. Mtu atasafiri vipi umbali wote huo kisha aiache Nagasaki bila kuiona? Tumefikiria kuondoka siku za mwisho za Aprili. Naomba uniambie kama jedwali langu ni baya kweli, au ni mume wangu aliye mvivu.

Ni mimi,
Mwenye Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Mume wako si mvivu, na jedwali lako si kazi ya mtu mzembe. Nimewahi kuona mengi yaliyopangwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo. Shida ni kwamba umehesabu miji na hukuhesabu kuhama. Hoteli nyingi za Japani humtaka mgeni atoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na humpokea mgeni mpya kuanzia saa tisa alasiri. Katikati hapo familia haina chumba, haina kitanda cha kunyoosha goti, na ina masanduku manne. Katika mpango wako mnahama mara kumi. Nikikukadiria saa tano tu kwa kila mara, nikijumlisha kufungasha, kwenda stesheni, kusafiri, kutafuta mlango sahihi wa kutokea na kusubiri funguo, napata saa 50. Ikiwa mchana wa mtalii una saa kumi za kutembea, basi siku tano kamili kati ya siku zenu za Japani zimekwisha kabla hamjaona hekalu hata moja.

Treni zenyewe hazina lawama, na nadhani ndizo zilizokuponza. Tangu reli ya kwanza ya mwendo kasi, Shinkansen, ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, nchi hiyo imewazoesha watu kuamini kwamba umbali haupo. Kutoka Tokyo hadi Kyoto ni saa mbili na robo kwa treni iendayo kasi zaidi, na mtu akiitazama ramani kwa macho hayo huona kila mji uko karibu. Ni kweli uko karibu, kwa anayesafiri na mkoba mmoja na miguu mizima. Lakini ule usiku mmoja wa Takayama, uliouweka baada ya Hakone, unawataka mshuke milimani, mpande treni hadi Nagoya, kisha mpande nyingine ya zaidi ya saa mbili inayopanda milima upya. Na siku ya kutoka Nagasaki kurudi Tokyo ni yapata saa saba za reli kwa treni zisizopungua tatu. Siku hiyo haina jina lolote katika daftari lako, kwa sababu umeandika mahali mtakapolala tu.

Sasa itazame Hiroshima. Umesema ni mji uliotamani kuufika tangu utoto, nami nilipousoma mstari huo nilirudi kwenye jedwali kuona umeutengea nini. Umeutengea usiku mmoja. Mngefika kutoka Osaka wakati wa mchana, mngeweka mizigo, na kesho yake asubuhi mngeondoka kwenda Nagasaki. Mahali ulipopasubiri maisha yako yote ungepapa saa tatu au nne, huku ukitazama saa. Kwa hofu ya kukosa mji usioujua umejinyima mji uupendao, na hilo ndilo ninalolipinga katika mpango wako kuliko jambo jingine lolote. Jumba la makumbusho la Hiroshima si mahali pa kuingia na kutoka. Vitu vilivyohifadhiwa humo ni vya watu waliokuwa wakianza siku yao saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoupiga mji huo, na nyingi kati ya nguo zilizomo ni za watoto wa shule wenye umri unaokaribiana na wa binti yako. Mtayarishe kabla, mwachie nafasi ya kutoka mapema akitaka, na baada ya hapo msiwe na treni ya kuwahi. Mtahitaji kukaa kando ya mto na kunyamaza. Siku ya pili nendeni kisiwa cha Miyajima, ambako kivuko huchukua kama dakika kumi na lango jekundu la hekalu la Itsukushima husimama ndani ya maji bahari inapojaa. Angalieni ratiba ya kujaa na kupwa kabla ya kuchagua saa ya kwenda, kwa maana maji yakitoka mtalikuta lango limesimama juu ya matope.

Kwa hiyo Hiroshima ni usiku mbili, na Nagasaki inaachwa. Najua inauma. Nikko, Takayama na kulala Hakone navyo vinaachwa, na Nara inabaki bila hoteli, kwa kuwa kutoka Kyoto ni chini ya saa moja kwa treni na hakuna sababu ya kuhamisha masanduku kwa ajili ya safari fupi kiasi hicho. Kulungu wa binti yako ni zaidi ya elfu moja na hawahitaji miadi, na sanamu kubwa ya Buddha katika hekalu la Todaiji, yenye kimo cha takriban mita 15, iko katika bustani hiyo hiyo. Siku moja inatosha, na jioni mnarudi kwenye vitanda vyenu vile vile.

Mpango ninaoupendekeza ni huu: Tokyo usiku 5, Kanazawa 2, Kyoto 4, Hiroshima 2, na Osaka usiku 1 wa mwisho. Ni hoteli tano badala ya kumi na moja, na kuhama mara nne badala ya kumi. Kila hatua ni fupi. Tokyo hadi Kanazawa ni kama saa mbili na nusu kwa reli ya Hokuriku iliyofika mjini humo mwaka 2015. Kanazawa hadi Kyoto ni saa mbili na dakika chache, na tangu Machi 2024 mnabadilisha treni katika mji wa Tsuruga. Kyoto hadi Hiroshima haifiki saa mbili. Na Hiroshima hadi Osaka ni saa moja na nusu hivi. Huu ni mstari unaokwenda mbele, na hamrudi kulala mahali mlipoanzia. Ndiyo maana nakuomba usinunue tiketi ya ndege ya kuingia na kutoka Tokyo. Tafuta ya kuingilia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai, ule uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa karibu na Osaka. Mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo, na hata ikiwa kubwa kiasi, itoe katika nauli nne za kurudi Tokyo ambazo hamtazilipa.

Kuhusu pasi ya reli, hesabu yako ni ya miaka iliyopita. Mwezi Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000, na ya siku 14 ikafika yeni 80,000. Kwa mpango wa miji mitano, tiketi za mtu mzima zikinunuliwa moja moja hazifiki yeni 50,000, na binti yako wa miaka 11 hulipa nusu nauli. Ila hata kama pasi ingekuwa rahisi, ningekuonya. Mtu akishailipia pasi huanza kupanda treni ili kuithibitisha, na mji anaoutembelea kwa sababu nauli yake imekwisha kulipwa ni mji ambao asingeuchagua kama angeulizwa. Nadhani nusu ya jedwali lako iliandikwa na pasi ambayo hujainunua bado.

Mizigo nayo ina njia yake huko, na mama mkwe wako atakushukuru ukiijua. Kampuni za kupeleka mizigo hulichukua sanduku kutoka mapokezi ya hoteli moja na kulifikisha katika hoteli nyingine, kwa kawaida kesho yake. Mnapotoka Tokyo kwenda Kanazawa, tumeni masanduku siku moja kabla na msafiri na mikoba ya mgongoni. Mnapotoka Kyoto, msiyapeleke Hiroshima kabisa. Yatumeni moja kwa moja kwenye hoteli ya Osaka, nanyi mwende Hiroshima na nguo za siku mbili tu. Waambieni mapema watu wa mapokezi wa Osaka tarehe mtakayofika, ili wayatunze. Na kama mna sanduku ambalo urefu, upana na kina chake kwa jumla vinazidi sentimita 160, fahamu kwamba katika treni za mwendo kasi za kutoka Kyoto kwenda Hiroshima ni lazima kuweka nafasi ya kiti chenye sehemu maalumu ya mzigo huo. Hiyo ni sababu nyingine ya kulituma.

Ninajua utaniuliza kwa nini Tokyo nimeipa usiku tano, ilhali mumeo ndiye aliyeitaka. Sikumpendelea. Siku mbili za mwanzo si zenu, ni za usingizi: baada ya safari ndefu ya ndege yenye tofauti kubwa ya saa mwili huchukua siku kadhaa kuizoea saa mpya, na hali huwa nzito zaidi mtu anapokuwa amesafiri kuelekea mashariki. Mtoto atalala mezani saa moja jioni, na nyote mtakuwa macho saa kumi alfajiri. Msipigane na hali hiyo. Chagueni hoteli upande wa Asakusa, na mkiamka alfajiri nendeni kwa miguu hadi hekalu la Sensoji, ambalo uwanja wake haufungwi. Kwa saa hiyo mtaukuta bila umati unaojaa humo mchana. Siku hizo mbili msiweke nafasi ya kitu chochote kilichokwisha kulipiwa. Siku ya tatu na ya nne ndipo muuone mji, mkikumbuka kwamba Makumbusho ya Taifa yaliyopo Ueno hufungwa Jumatatu, kama yalivyo makumbusho mengi nchini humo.

Siku ya tano iacheni tupu, na hapa ndipo ninapomrudishia Fuji nafasi yake. Mlima huo una mita 3,776 lakini hujificha nyuma ya mawingu kwa siku nyingi, na anayelipia hoteli ya Hakone miezi mitano kabla hulipia hali ya hewa asiyoijua. Siku iliyo tupu huwaruhusu kufungua dirisha asubuhi na kuamua: mbingu ikiwa safi, treni ya kutoka stesheni ya Shinjuku, Tokyo, huwafikisha Hakone kwa saa moja na nusu hivi na jioni mmerudi; ikiwa na mawingu, nendeni Kamakura, iliyo umbali wa saa moja; na ikiwa goti limekataa, bakini. Tahadhari moja tu kuhusu Shinjuku: stesheni hiyo ina milango zaidi ya 200, na anayetokea mlango usio wake humtembeza mama robo saa zaidi kwenye ngazi. Fuateni alama za lifti hata kama njia inaonekana ndefu.

Kyoto ina jaribu lake. Ulikuwa mji mkuu kuanzia mwaka 794 hadi karne ya 19, na mahekalu yake ni mengi kiasi kwamba mtu akitaka kuyamaliza atayachukia. Mawili kwa siku yanatosha: moja asubuhi, moja alasiri, na chakula kirefu katikati. Sehemu nyingi hufungwa saa kumi na moja jioni au kabla, kwa hiyo usiahirishe la muhimu hadi mwisho wa siku. Fushimi Inari, yenye malango mekundu yanayopanda mlima, haifungwi na yaweza kungoja. Mama asilazimishwe kufika kileleni, kwa kuwa malango mazuri zaidi yako chini. Mabasi ya mji huo hujaa, nami kwa safari fupi ningewashauri mgawane teksi. Kwa watu wanne, tofauti na nauli nne za basi si kubwa. Kati ya siku za Kyoto, moja ni ya Nara na moja nyingine iwe tupu kama ile ya Tokyo.

Kanazawa sikuigusa isipokuwa kuiongezea usiku, kwa sababu ni ya mama. Bustani ya Kenrokuen huhesabiwa miongoni mwa bustani tatu bora za Japani, na mpenda bustani hapaswi kupelekwa humo akiwa na mzigo mkononi na tiketi ya saa nane mfukoni. Mpelekeni asubuhi, na akitaka kurudi kesho yake, arudi.

Tarehe zenu zibadilisheni. Kuanzia Aprili 29 hadi Mei 5 Japani ina mfululizo wa sikukuu ambapo wenyeji wenyewe husafiri kwa wingi, treni hujaa na bei za vyumba hupanda. Ondokeni baada ya wiki ya kwanza ya Mei, na mwe mmekwisha kurudi kabla ya majira ya mvua, ambayo katika sehemu mnazokwenda huanza Juni. Kwa bahati hamjalipia kitu, kwa hiyo mabadiliko haya hayawagharimu.

Limebaki la mumeo. Mpango wake wa usiku 14 Tokyo nao siukubali, kwa maana humnyima mama bustani, mtoto kulungu na wewe Hiroshima, ili yeye apate usingizi ambao angeupata hata nyumbani. Lakini nilipoisoma barua yako tena niliona kwamba kila mtu ana mji wake ndani ya daftari isipokuwa yeye. Hukuandika anapenda nini. Pengine hukumuuliza, au ulimuuliza akajibu kwamba lolote ni sawa, kama waume wengi wanavyojibu kabla hawajaliona jedwali. Mwulize upya, kwa upole, na usimpe orodha ya kuchagua. Akisema anataka asubuhi moja ya kukaa mahali akatazama watu wakipita, mpe ile siku tupu ya Kyoto na uandike jina lake juu yake.

Kuhusu kutorudi tena, sina namna ya kukuhakikishia kwamba mtarudi. Mimi mwenyewe niliwahi kupita miji saba kwa siku tisa katika nchi nyingine ya mbali, kwa hofu hiyo hiyo, na hadi leo tunabishana nyumbani picha ya mnara iliyopo ukutani ilipigwa katika mji upi kati ya miwili. Nagasaki itakuwa imekosekana, nawe utaijutia siku fulani. Ukiona huwezi kabisa kuiacha, itoe Kanazawa na mfuate njia ya kusini, lakini hapo ni lazima umwambie mama mwenyewe, uso kwa uso, kwamba bustani yake ndiyo iliyoondolewa.

Tiketi za ndege ndizo za kwanza kulipiwa, kisha vyumba vya Kyoto, ambavyo huadimika mapema. Vyumba vyote uchukue vile vinavyoruhusu kughairi hadi siku chache kabla. Nikuachie na kazi moja ya leo jioni: chora jedwali jipya lenye safu tatu kwa kila siku, yaani asubuhi, mchana na jioni, na katika kila siku ya kuhama uijaze safu ya mchana kwa neno "njiani" kabla hujaandika kitu kingine chochote. Kisha mpe mumeo kalamu.

Mshauri wako